Taa ya Mnara wa Maji

Zamda alikuwa akiandika waraka wa toleo jipya la programu inayosoma maagizo ya mafundi na kuyapeleka kwenye mitambo ya mji. "Toleo la zamani," aliandika, "lilipokuta agizo lisilofuata kanuni, lililiruka bila kusema neno. Hili jipya litagoma."

Ili apate mfano, akaliacha toleo hilo jipya lisome maagizo ya mnara wa maji, yaliyoandikwa na marehemu Fundi Makungu. Likagoma kwenye mstari wa arobaini.

"Ufute tu, dada," akasema Shomari, mwenzake. "Miaka ishirini haujafanya kazi, na maji tunapata."

Zamda akausoma polepole. Uliagiza taa ya mnara iwake kila ukungu unaposhuka. Akamkumbuka Bi Mwatima, mjane wa Makungu, anayechekwa mji mzima kwa kushikilia kwamba mumewe alimwachia taa.

Hakuufuta. Aliuandika upya kama kanuni inavyotaka, kisha akasogea dirishani.

Jioni ukungu ukashuka, laini kama usufi, ukaumeza mnara wote. Halafu, juu kabisa, mwanga wa manjano ukafumbua jicho, na chini yake mlango wa Bi Mwatima ukafunguka taratibu.