Mkono wa Kanali

Meya aliizunguka sanamu ya udongo ya marehemu kanali, akafurahi. "Safi, Madamu Léontine! Hata mkono uliobaki vitani umeurudisha. Kilema hatumsimamishi uwanjani, Ufaransa itatucheka."

Mjane wa kanali akaguna. "Huo mkono umeuokota wapi, mheshimiwa? Mimi ndiye niliyemfungia vifungo vya koti mpaka anakufa."

"Mama, mkono ukitoka, kazi anapewa mchongaji mwingine."

Léontine aliondoa kitambaa kibichi begani mwa sanamu, akazungusha waya wa kukatia udongo, akavuta. Mkono ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

Meya akavaa kofia yake, akatoka.

"Mkono mtupu wa koti alikuwa akiubana wapi?" Léontine aliuliza.

Mjane akachomoa pini kwenye shali yake, akaichomeka kwenye udongo.

"Hapa."