Jiwe Lisilosikia Ugomvi

Kila ndoa ilikuwa na jiwe lake, fuwele ndogo nyeupe iliyooteshwa siku ya harusi na kutundikwa chumbani, ikanasa kila sauti ya nyumba. Sheria ilikataza talaka mpaka jiwe lipigwe mwali na kushindwa kujipanga upya.

Sikudhani na mumewe Tamimu walilipeleka lao kwenye maabara ya Korogwe. Walikuwa wamekubaliana kuachana kwa wema. Mapenzi yalikwisha, basi. Fundi alilipiga jiwe kwa mwali wa leza, na papo hapo eksirei ikazipiga picha atomu zake zikitikisika, upesi kuliko kufumba na kufumbua. Kwenye skrini safu za nukta zilififia. Sikudhani akadhani jiwe limeyeyuka. Kisha nukta zote zikarudi, zinang'aa.

"Zimerudi mahali pake, dada," fundi alisema. "Ndoa yenu ni nzima."

"Lakini sote wawili tumechoka!"

"Jiwe halijasikia ugomvi. Yanayoyeyuka ni yale yaliyozoea matusi. Rudini mwakani."

Nyumbani, Tamimu alilitundika jiwe ukutani. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti.

"Itabidi tujifunze," alisema taratibu.

"Anza wewe."

Akamtukana. Sauti ilimtetemeka, na hapo hapo akaomba radhi. Sikudhani akamwambia radhi inaharibu kazi, arudie. Mara ya pili sauti haikutetemeka. Mara ya tatu Tamimu hakuwa akilitazama jiwe tena. Alikuwa akimtazama yeye, na Sikudhani akajikuta amerudi nyuma mpaka mgongo umegota ukutani.