Nyamera na Choo cha Bondeni

Nyamera mmoja alijiona msafi kuliko wanyama wote wa mbuga ile kavu. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu chake na kupaza sauti: "Kuleni mtakavyo, lakini asijisaidie mtu hapa! Haja zenu pelekeni bondeni!" Hata yeye alipobanwa alishuka huko mbio, mkia kaubana.

Mwaka wa tatu mvua ilinyesha kote sawasawa. Kwa Nyamera yakaota majani membamba ya manjano. Kule bondeni, chooni kwenyewe, nyasi zilifika magotini, na wanyama wote wakahamia huko.

Nyamera akashuka, pua juu. "Nani kaniibia rutuba yangu?"

"Nani akuibie?" Ngiri akajibu, mdomo umejaa. "Ulituamuru tuilete huku. Ardhi nayo hula, bwana mkubwa, na ya kwako umeishindisha njaa miaka mitatu. Tena wewe mwenyewe ulikuwa ukiileta mbio!"

Nyamera akashusha pua. "Basi kuanzia leo nawaruhusu. Njooni mjisaidie kwangu."

"Tukajisaidie nini, na huko hakuna cha kula?" Pundamilia akacheka. "Wewe kula hapa, hatukukatazi. Ila unachokula hapa, unakiacha hapahapa."

Nyamera akala mpaka tumbo likamvimba. Jua lilipoanza kushuka akanyanyuka taratibu, kajibana, macho yakiwa kwenye kichuguu chake kule juu. Ngiri akamzibia njia.

"Haya, mzee msafi, unaipeleka wapi mali yetu?"