Bastola Chini ya Kitambaa

Tangu kila nyumba ilazimishwe kuwa na bastola, yetu inakaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Nafanya kazi ofisi ya mtaa, kwenye dirisha la kubadilishia bastola: leta ya zamani, uchukue mpya, bure. Mpya ni nyepesi, haishiki kutu, tena inazijua sura za watu wa nyumbani kwako. Hata uvute kifyatuo vipi, haikubali kumpiga risasi yeyote kati yao.

Mwezi mzima hajabadilisha mtu. Wanakuja, wanaishika, wanaisifu, wanairudisha. "Mkono umeizoea ile," wananiambia. Wengine wanasema fundi wa ile ya zamani yuko jirani. Nimechoka kuwasikiliza!

Jana nikaja na mpya nyumbani. Mume wangu, Gaudensi, akaigeuzageuza, akairudisha kwenye boksi.

"Tubaki na yetu, Mama Devota."

"Kwa nini? Hii haiwezi kutudhuru."

"Najua." Akaendelea kumenya chungwa.

"Humu ndani tuko watatu tu. Unataka kumpiga nani?"

"Sitaki kumpiga yeyote. Wewe je?"

"Mimi? Hata!"

"Basi badilisha," akasema, akanisogezea fomu iliyokuja ndani ya boksi.

Nikashika kalamu. Nikamtazama yeye, nikamtazama binti yetu Devota akiandika kazi zake za shule. Nawapenda, Mungu anajua. Halafu nikaweka alama ya vema palipoandikwa "Tunabaki na ya zamani."

Gaudensi akashusha pumzi, akanigawia chungwa. Nikala, nisijue nani kati yetu aliyepata nafuu zaidi.