Ubao wa Matangazo ya Ndoa

Tangazo lilikuwa ubaoni nje ya ofisi ya wilaya: Dastani Mkopi atamuoa Elineema Kweka, na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku ishirini na moja. Tabitha alilisoma, akaingia kwa karani.

"Nina pingamizi. Huyu alinivunja mkono. Na alimng'oa meno mke aliyenitangulia."

"Mmeachana kihalali, mama?"

"Tumeachana."

"Basi hakuna pingamizi. Kifungo alishatumikia, mara zote mbili. Serikali haina daftari la wanaopiga wake zao."

"Mbwa akiuma watu wawili mnamwandika."

Karani akarudi kwenye chai yake.

Tabitha alitoa mkobani fomu ya polisi, ile aliyojaziwa na daktari siku alipofungwa plasta. Akatoka, akachomoa pini ya kilemba chake, akaichomeka fomu pale pale kando ya tangazo. Karani alimfuata mbio, akaibandua.

"Ubao huu ni wa mambo ya ndoa tu."

"Na hayo yalinipata wapi, sokoni?"

Kwenye benchi la hapo nje alikuwapo mwanamke aliyekaa tangu asubuhi, kiganja mdomoni, akisubiri zamu yake kwa shauri hilo hilo. Akainuka, akaegemeza mgongo ubaoni, mahali fomu ilipotoka. Kisha akashusha mkono. Mbele hakuwa na jino hata moja.

"Haya," akamwambia karani. "Nibandue na mimi."