Wanja wa Esha

Siku Maulidi alipokosa kurudi, maji yake ya kuoga yalipoa ndooni, yakapashwa moto tena, yakapoa tena. Mchana vijana wa bodaboda waliingia uani, pale Nianjema, mjini Bagamoyo, kofia zao ngumu mikononi. Mama yake, Bi Mwajabu, akajua kabla hawajasema.

Usiku Maulidi alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni. Asubuhi, badala ya kulala, alibeba abiria kwa pikipiki ya kukodi, kwa sababu mshahara wa ulinzi uliishia kwenye kodi ya chumba. Siku hiyo alipata abiria wa mbali. Waliomwokota barabarani Vigwaza walisema lori halikuwa na kosa. Alikuwa amesinzia tu.

Alimwacha mama yake, mkewe Rukaya, na mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Rukaya alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni. Hoteli ilimpa siku nne za msiba. Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Asiyerudi kazini nafasi yake inachukuliwa. Kila asubuhi wasichana walisimama getini kuulizia kazi. Mishahara miwili ilikuwa haiwatoshi. Sasa ulibaki mmoja, nao ulikuwa unaponyoka.

"Mwanangu atakaliwa eda," Bi Mwajabu aliwaambia wanawake baada ya hitima. "Sitaki mtaa useme alizikwa kama mtu asiye na watu wake."

Akatundika pazia zito katikati ya chumba.

Dija, mpangaji aliyehamia chumba cha jirani wiki ya msiba, aliyashuhudia yote hayo. Alikaanga vitumbua mlangoni, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kumpita. Alimwona Esha, mdogo wake Rukaya, alipowasili kutoka Lugoba, amevaa baibui na nikabu, yanaonekana macho tu. Bi Mwajabu akaeleza kwamba wamekwishaongea na msimamizi wa hoteli: Esha atamshikia dada yake nafasi mpaka eda iishe.

"Hilo nalo ni jambo," Dija alisema. "Undugu ndio huo."

Lakini siku zilivyokwenda, undugu ule ulianza kumkera. Mwenye nikabu alitoka alfajiri na mfuko wa sare, akarudi jua likizama. Hakukaa kuzungumza. Hakununua hata kitumbua kimoja. Na jioni moja alirudi macho yamepakwa wanja, ananukia marashi mpaka mafuta ya kikaangoni yakashindwa.

"Shikamoo, dada Dija."

"Marahaba. Esha, wanja huo? Udongo wa shemeji yako haujakauka."

"Ni mambo ya kazini, dada." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Msimamizi anasema wageni hawakuja kuangalia mtu aliyenuna."

"Na marashi nayo ya wageni?"

"Nayo."

"Haya. Ukipata mchumba mzungu utukumbuke na sisi wa vitumbua."

Wanawake waliokuwa wakisubiri vitumbua wakacheka. Mwenye nikabu akaingia ndani.

Mchana kutwa mtoto alilia. Dija alimsikia kupitia ukutani. Mtoto alinyamaza jioni tu, mama mdogo akisharudi.

"Mama yake maziwa yamekatika kwa majonzi," Bi Mwajabu alisema alipoulizwa.

"Na mtoto naye keshajua mkate unaingia na nani," Dija akajibu.

Ijumaa moja alikwenda kumpa mjane pole. Alikaa mkekani, upande wa huku wa pazia, kama walivyokaa wote. Alitaka kunyamaza, akashindwa.

"Bibi, mdogo wako mkanye. Anatoka hapa kama anakwenda harusini. Wewe umo gizani unamlilia mume, yeye anapaka wanja. Watu wanasema."

Nyuma ya pazia akasikia mtu akilia.

"Mwacheni," sauti ikasema. "Nyumba hii inakula kwa sababu yake. Hamjui anavyorudi."

Dija alitoka na aibu, bila kujua hasa aibu ya nini. Siku mbili hakumtania mtu. Siku ya tatu, baada ya magharibi, mvua ikinyesha, alipakua wali na mchuzi wa papa katika bakuli lake zuri. Aliona heri awaombe radhi wote wawili, mjane na mdogo wake.

Alipiga hodi. Mvua ilikuwa inapiga mabati; hakusikika. Akasukuma mlango kwa bega.

Pazia lilikuwa limefunguliwa nusu. Mwenye kurudi kazini alikuwa amesimama ubavu, amekwishavua nikabu na baibui, sare ya hoteli imemganda mwilini kwa mvua. Alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa cheusi. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania kifua chake, ananyonya.

Bi Mwajabu alimwona Dija mlangoni. Hakushtuka. "Ingia, mwanangu," alisema, "ufunge mlango."

Kutoka nyuma ya pazia alijitokeza msichana ambaye Dija hakuwahi kuona sura yake. Alijivua shela nyeupe ya eda, akaiweka taratibu kwenye mabega ya mwenye sare.

"Kaa, dada," alisema. "Mlilie mumeo sasa. Kesho unaingia kazini saa kumi na mbili."