Mti Uliotajwa Gazetini

Hyasinta aliingiza mkono katika tundu la muuzaji wa ndege pale sokoni, akamtoa ndege mmoja wa kijani. Kwenye mguu wake mwembamba kulikuwa na pete ya chuma. Ni yeye mwenyewe aliyemvisha, kule msituni, alipokuwa akiwachunguza ndege wa aina hiyo.

"Shikamoo, mama," muuzaji alisema, akisogeza kando gunia la mtama apate pa kusimama. "Wewe si yule daktari wa ndege, unayeandika gazetini?"

"Marahaba. Hawa mmewatoa wapi?"

Muuzaji alicheka kwa furaha. "Kwako! Ule mti uliueleza vizuri, mpaka kijito kinachopita chini yake. Tulifika bila kumuuliza mtu."

Moyo wa ndege ulidunda mbiombio kiganjani mwa Hyasinta. Miaka yote hiyo aliandika akiamini kwamba watu wakiwajua ndege, watawapenda.

Akampigia mhariri wake simu kwa mkono uliobaki.

"Makala yangu ya kesho iondoe. Ile ya bundi."

"Haiwezekani, dada. Ukurasa umeshaenda mtamboni."

"Nimetaja pango wanamotagia! Simamisha mtambo."

"Kwa ajili ya bundi?"

Hyasinta alikata simu. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea Posta, ulipo mtambo wa gazeti, akipenya katikati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, huku muuzaji akimfuata nyuma na kupiga kelele soko zima lisikie:

"Mama! Ndege wangu huyo!"